Nani Alimwona Akianguka?

(Maongezi na wanafunzi wa sekondari, Usoke, mkoani Tabora)

   

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya udaktari, hasa namna wanafunzi wa udaktari wanavyofundishwa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu. Mwalimu wenu wa Baiolojia ameshawachorea ubongo ubaoni, na wengine hapa mnaweza kuuchora mkiwa mmefumba macho. Vizuri. Lakini kuchora ubongo ni kazi moja, na kumpima mtu aliyelala kitandani hasemi ni kazi nyingine kabisa. Niseme mapema: mimi si daktari, ni mwelimishaji wa afya. Ila nilipokuwa chuo nilikaa bweni moja na wanafunzi wa udaktari. Walipofika mwaka wa tatu, ule mwaka wa kuanza kuingia wodini, tulikosa amani. Umekaa zako kitandani unasoma gazeti, mtu anakuja na kanyundo kake ka mpira anakugonga goti. Ukilala, anakukwaruza unyayo. Nikawauliza: jamani, ninyi mnatafuta nini kwenye magoti ya watu?

Jibu lao lilinifundisha mengi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu. Daktari anaweza kubonyeza tumbo, anaweza kusikiliza kifua, lakini ubongo hawezi kuushika. Basi anauliza viungo vingine vimpe habari zake.

Tujaribu sasa hivi. Mmoja akae juu ya dawati, miguu ining'inie, ailegeze kabisa. Mwenzake agonge kwa upembe wa kiganja pale chini kidogo ya kifuniko cha goti. Taratibu, bwana, hamgombani! Mmeona? Mguu umeruka wenyewe. Nani goti lake limekataa? Wewe dada, kutanisha vidole vya mikono yako miwili, vuta kwa nguvu kama unataka kuvitenganisha, halafu akugonge tena. Haya, limeruka. Hata madaktari wanatumia ujanja huohuo.

Kilichotokea ni hiki. Ujumbe umetoka gotini, umekwenda kwenye uti wa mgongo, umerudi mguuni. Haukwenda kuomba ruhusa kwa ubongo. Kazi ya ubongo hapo ni kuuzuia mguu usiruke kupita kiasi, kama mtu anayeshika kamba ya mbuzi. Ikiwa mishipa ya mguu wenyewe imeharibika, ujumbe haufiki na goti linakaa kimya. Ikiwa njia ya kutoka kwenye ubongo ndiyo iliyoharibika, kamba imeachiwa: goti linaruka kwa fujo na mguu unakakamaa. Kwa hiyo goti linalolala na goti linaloruka mno yanaeleza habari mbili tofauti.

Na unyayo je? Mwaka 1896, daktari mmoja wa Paris, Joseph Babinski, alieleza kwamba ukimkwaruza mtu mzima chini ya unyayo, vidole hujikunja kwenda chini. Kidole gumba kikinyanyuka juu, jua kuna madhara katika njia inayoshuka kutoka kwenye ubongo. (Kwa mtoto mchanga kunyanyuka ni kawaida, msije mkatishana nyumbani.) Hadi leo, kila mwanafunzi wa udaktari duniani anafundishwa jambo hilo, na kifaa chake ni ncha ya ufunguo au kijiti. Hapa Usoke hakuna mashine ya kupiga picha ya ubongo. Ufunguo upo.

Mwanafunzi wa udaktari anakaririshwa maswali mawili, na ni lazima yafuatane. La kwanza: tatizo liko wapi? La pili: tatizo ni nini? Anayekimbilia la pili kabla ya la kwanza atatibu malaria kwa mtu mwenye uvimbe, au atasema "kiharusi" kwa kila mtu aliyelemaa.

Nawapa mfano wa hapahapa Tanzania. Mwaka 1985, wilayani Tarime mkoani Mara, watu walianza kulemaa miguu yote miwili kwa ghafla. Mtu mzima wa afya, na mara nyingi mama au mtoto, anajikuta hawezi kutembea, miguu imekaza kama mbao. Mnaweza kufikiria maneno yaliyosemwa vijijini. Miongoni mwa madaktari waliochunguza alikuwamo William Howlett, aliyefundisha miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, pamoja na Hans Rosling wa Sweden, ambaye alikuwa ameshakutana na ugonjwa kama huo Msumbiji.

Walipima vilevile kama wale wenzangu wa bwenini. Magoti yaliruka kwa nguvu mno, kwa hiyo tatizo halikuwa kwenye misuli wala kwenye mishipa ya miguuni. Lakini wagonjwa waliguswa kwa pini wakahisi vizuri, na mkojo waliuzuia kama kawaida. Hapo ndipo penye akili yote. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho hulemaza miguu, lakini mara nyingi mgonjwa wake hahisi pini kuanzia usawa fulani kwenda chini, na mkojo humsumbua. Hawa hawakuwa hivyo. Palipoumia ni njia ya kuendesha misuli peke yake, kushoto na kulia sawasawa. Swali la "wapi" likawa limejibiwa kwa nyundo na pini, kisha wakageukia "nini". Jibu lilikuwa kwenye chungu: ukame, njaa, muhogo mchungu, na haraka ya kuula kabla sumu yake ya sayanidi haijatolewa vya kutosha. Ugonjwa huo unaitwa konzo, neno la Kiyaka kutoka Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa. Aliyelemazwa haponi, lakini mwingine anaweza kukingwa kwa kuloweka na kuanika muhogo siku za kutosha. Ugali wa muhogo hata huku mnaula, kwa hiyo msiwacheke bibi zenu wanaposema "bado haujakaa vizuri".

Howlett baadaye aliandika kitabu cha kuwafundishia wanafunzi wa udaktari wa Afrika magonjwa haya, kikatoka mwaka 2012, na mtu anaweza kukipata bure kwenye intaneti. Nimekigusia kwa sababu vitabu vingi vya udaktari vimeandikwa London na Marekani, na ukivisoma hutakutana sana na mtu aliyelemazwa na muhogo.

Sasa nifike kwenye lile lililonileta. Kuna ugonjwa ambao nyundo haisaidii sana, wala pini. Mgonjwa akifika kwa daktari yuko mzima, anatembea, anacheka, goti linaruka vizuri. Nazungumzia kifafa.

Tazameni ugumu wake. Daktari anamuuliza mgonjwa: "Ilikuwaje?" Naye anajibu: "Sijui, niliamka nikaona watu wamenizunguka." Mgonjwa ndiye mtu pekee pale ambaye hakuona kilichotokea! Ndiyo maana walimu wa wodini huwakazania wanafunzi wao swali moja: nani alimwona akianguka? Kama shahidi hakuja, atafutwe, apigiwe simu. Ushahidi wake mara nyingi una uzito kuliko mashine. Na shahidi huyo, wadogo zangu, kwa mtu wa umri wenu ni nani? Si baba. Si mwalimu mkuu. Ni yule anayekaa naye dawati moja au analala kitanda cha pili bwenini.

Lakini shahidi mwenyewe tunamjua. Akiona mwenzake anaanguka, anapiga kelele, anatoka mbio. Akiulizwa anasema "alianguka tu, akatoka povu". Hilo halimtoshi daktari. Anataka kujua: alikuwa anafanya nini kabla? Ikiwa alikuwa amesimama mstarini juani, akasema anaona giza, akapauka, akalegea, akaanguka, na baada ya dakika moja akajua yuko wapi, huenda alizimia tu. Ikiwa alikakamaa kama mti, kisha mikono na miguu ikarusharusha, macho yako wazi, akajiuma ulimi, akajikojolea, na baadaye akalala au akachanganyikiwa kwa muda, hiyo ni habari nyingine. Ilianzia wapi? Hilo hasa msilisahau. Mtikisiko ukianzia mkono wa kushoto ndipo ukaenea, daktari atautazama ubongo upande wa kulia, kwa sababu upande mmoja wa ubongo unaongoza upande wa pili wa mwili. John Hughlings Jackson, daktari wa London wa karne ya 19, alijua sehemu za ubongo zinazoendesha mikono na miguu kwa kuangalia tu namna mtikisiko unavyotembea mwilini, kabla hata picha ya eksirei haijagunduliwa.

Na ilichukua muda gani? Tazama saa. Dakika mbili huonekana kama nusu saa mtu akiwa na hofu. Ukipita dakika tano bado anatikisika, huyo ni wa kukimbizwa hospitali bila kungoja. Wakati unahesabu, sogeza mawe, viti na moto, weka kitu laini chini ya kichwa, na akitulia mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni. Usimshikilie kwa nguvu. Povu ni mate tu, haliambukizi kifafa, na hewa anayoitoa haiambukizi. Imani hiyo imewaunguza watu wengi: mtu anaangukia jikoni, ndugu wanaogopa kumgusa mpaka atulie, naye yumo motoni.

Na simu? Najua shuleni haziruhusiwi. Lakini nyumbani, mtu mmoja akirekodi video fupi huku wengine wanamsaidia, daktari atashukuru sana. Ya daktari, nimesema. Ukiirusha kwenye magrupu umemvua nguo mwenzako.

Kule Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliwakuta watu wenye kifafa wamefichwa na kutengwa, wengine wana makovu ya moto. Mwaka 1960 akaanzisha kliniki yao. Alitumia dawa za bei ndogo, kama fenobabitoni, na watu waliokuwa wanaanguka mara kwa mara wakaanza kulima tena. Kwa kuangalia na kuwasikiliza wazazi, aliona pia watoto waliokuwa wakiinamisha kichwa mara kwa mara kama mtu anayesinzia. Aliandika habari hizo miaka ya 1960. Miongo kadhaa baadaye ndipo dunia iliposhtuka kusikia ugonjwa wa watoto kutikisa kichwa Sudan Kusini na kaskazini mwa Uganda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watu 10 wenye kifafa, hadi 7 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa sahihi na kuzimeza bila kuacha. Kuacha ghafla ni hatari, hata kama mganga wa kienyeji amesema ameshakitoa.

Nisiondoke Usoke bila kutaja malale. Mmesoma kwenye Historia kwamba njia ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita nchi hii, na kwamba mizigo ilibebwa kwa vichwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mmewahi kujiuliza kwa nini hawakutumia ng'ombe au punda kuvuta mikokoteni? Sababu mojawapo kubwa ni mbung'o, ambaye wengine mnamwita ndorobo. Anaua mifugo. Na vijidudu vyake vingine huingia kwa watu vikaleta malale.

Malale ya kwetu, ya Afrika Mashariki, yanakwenda haraka. Kwanza homa, kichwa, mwili kuchoka, pengine kidonda pale alipouma mbung'o. Baada ya wiki au miezi vijidudu vinaingia kwenye ubongo: mtu anasinzia mchana, usiku yuko macho, anabadilika tabia, anagomba ovyo, anatetemeka, anayumba. Watu wanasema amerogwa, au ni bangi. Bila kutibiwa, anakufa.

Hapa jirani yenu Kaliua, mbele kwenye reli hii hii, kituo cha afya kilishiriki utafiti wa tiba ya malale kati ya mwaka 2006 na 2009, pamoja na hospitali ya Lwala ya Uganda. Walijaribu kufupisha matibabu ya melasopro yawe ya siku 10 badala ya wiki kadhaa. Melasopro ni dawa iliyotengenezwa na madini ya aseniki, inachomwa kwenye mshipa, nayo yenyewe iliua baadhi ya waliotibiwa. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya unaopendekeza vidonge vya kumeza, feksinidazo, hata kwa malale ya aina yetu. Hayo ni maendeleo makubwa.

Lakini kuna jambo linalonisumbua. Wagonjwa wa malale Tanzania siku hizi ni wachache sana kwa mwaka. Tunashukuru. Matokeo yake ni kwamba daktari kijana anaweza kumaliza chuo bila kumwona hata mmoja. Tena zamani, mwenye homa alipimwa damu kwenye hadubini kutafuta malaria, na mtu wa maabara akaona vijidudu vya malale vinaogelea humo. Sasa tunatumia kipimo cha haraka cha malaria. Ni kizuri, kinaokoa watu, ila kinajibu swali moja tu: malaria ipo au haipo. Hakiogeleshi kitu. Kwa hiyo aliyetoka porini kurina asali au kupasua mbao, akapata homa, akaambiwa hana malaria, inabidi yeye mwenyewe aseme: nilikuwa porini, niliumwa na mbung'o. Asiposema, huenda hakuna atakayeuliza.

Muda wa maswali. Mmeandika vikaratasi vingi, nitajibu vichache.

"Eti sindano ya mgongo inalemaza?" Hii inaogopesha watu, na wengine wametorosha wagonjwa wao kwa ajili yake. Sindano hiyo inachota maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, ili kutafuta homa ya uti wa mgongo au kujua kama malale yamefika kwenye ubongo. Inachomwa kiunoni, chini ya pale uti wenyewe unapoishia, kwa hiyo haiuchomi. Wanafunzi huanza kujifunza kwa kuangalia, kisha hufanya wakisimamiwa. Mgonjwa anaweza kuumwa kichwa siku kadhaa. Wanaokufa baada ya sindano hiyo, mara nyingi ni kwa sababu waliletwa wakiwa wamechelewa mno.

"Kusoma sana kunaleta wazimu?" Hapana. Ila mwenye kifafa akikesha anaweza kuanguka, kwa hiyo huyo alale.

"Nataka kuwa daktari wa ubongo, nisome nini?" Fizikia, Kemia na Baiolojia mpaka kidato cha sita, kisha udaktari miaka mitano na mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini, halafu ubingwa miaka mingine kadhaa. Ni ndefu, ndiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania zaidi ya milioni 61, na mabingwa wa mishipa ya fahamu bado ni wachache mno, wengi wako miji mikubwa. Lakini kuna njia nyingine ambayo mimi naiheshimu sana: utabibu, stashahada ya miaka mitatu unayoweza kuianza baada ya kidato cha nne ukifaulu sayansi. Mgonjwa wa kifafa wa Usoke atakutana na tabibu kwanza. Tabibu anayejua kuuliza maswali ya shahidi ni mali kwa wilaya nzima.

La mwisho. "Rafiki yangu anasinzia darasani kila siku. Je, ana malale?" Huenda anafua na kupika mpaka usiku wa manane, au anatembea kilomita nyingi kuja hapa. Usimtangaze. Muulize polepole: tangu lini? Usiku unalala? Ulipata homa isiyokwisha? Likizo ulikuwa wapi? Akikwambia alikuwa porini na baba yake, na homa imekuwa ikija na kuondoka tangu waliporudi, mwambie mzazi au mwalimu, na siku ya kwenda zahanati nenda naye. Ukifika, wewe ndiye useme ulichokiona, kwa sababu yeye atakuwa anasinzia.